Tunanunua Idi nzima, lakini hatuketi pamoja

SWALI

Assalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wanne, wa miaka 13, 10, 7 na 3. Tunaishi Majengo, Mombasa. Mume wangu ni karani kwenye depo ya makontena, nami jioni huuza viazi karai na bajia. Alhamdulillah hatulali njaa, ila kila Idi ya Mfungo Mosi, yaani Idi ul-Fitri, ikipita, nyumba hubaki na madeni na watu waliochoka.

Hesabu ya Idi iliyopita ni hii. Nguo za watoto, kila mmoja pea mbili kwa ajili ya Idi mosi na Idi pili, 19,200. Buibui langu na kanzu ya baba yao 8,000. Mapazia na zulia 16,500. Vyakula 11,300. Mikono ya Idi, yaani pesa za kuwapa watoto, 6,000. Bembea za Makadara, tuktuk na vitu vidogo vidogo 5,000. Jumla ni shilingi 66,000, na 30,000 kati ya hizo zilitoka kwenye mkopo wa simu.

Kumi la mwisho la Ramadhani lote, nikishaswali tarawehe huteremka Biashara Street, narudi saa sita za usiku. Siku ya Idi tukitoka kuswali naingia jikoni mpaka adhuhuri imepita. Mume wangu hulala mpaka alasiri kwa sababu amekesha. Kijana wangu mkubwa huondoka na rafiki zake, wadogo huenda Makadara na watoto wa jirani. Wageni wanaingia, wanakula, wanatoka. Mwaka huu yule wa miaka 10 ameniuliza kama Idi ijayo nitakuwa jikoni tena. Sikuwa na jibu.

Nataka tupunguze manunuzi tukae kama jamaa, na mume wangu anakubali. Lakini naogopa watoto kujiona duni mbele ya wenzao. Pili, mavyaa wangu, mama wa mume wangu, huja kutoka Likoni kila Idi, na neno lake la kwanza akiingia ni kuuliza mwaka huu tumebadilisha nini. Tatu, hata tukikaa, sijui tukae tufanye nini. Nishauri.

Mama wa Majengo

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu,

Umeandika gharama zako mpaka shilingi ya mwisho, na hilo limenisaidia sana. Sasa soma tena barua yako ukitafuta saa. Nyakati pekee ambapo nyote sita mko mahali pamoja ni njiani kwenda na kurudi kuswali. Usiku wa kumi la mwisho, kwa saa tatu hivi kila unaposhuka Biashara Street, unakaribia saa 30 madukani. Ndizo zinazokufanya uione alfajiri ya Idi huku miguu imevimba, na ndizo zinazomlaza mumeo, maana nyumba ambayo mama harudi mpaka saa sita haina anayelala mapema.

Kwa hiyo usianze kwa kupunguza bei. Anza kwa kupanga vikao, uviandike kwenye karatasi ukutani, kisha kila kitu unachotaka kununua ukiulize swali moja: kinatuleta mkekani au kinatutoa? Zulia na mapazia vimekula shilingi 16,500 na usiku usiopungua miwili, wala havikumketisha mtu. Biriani inaketisha watu. Ndiyo maana katika hesabu nitakayokupa, chakula sitakigusa hata kidogo.

Vikao vitatu vinatosha kwa Idi mosi. Cha kwanza ni staftahi, mkirudi kuswali, saa tatu mpaka saa nne na nusu, kabla mlango haujafunguliwa kwa wageni. Cha pili ni chakula cha mchana, saa saba na nusu. Cha tatu ni usiku baada ya isha. Kisizidi saa moja na nusu kila kimoja. Ukitaka watu wakae kutwa nzima, yule wa miaka 3 atachoka alie, na yule wa 13 atatafuta pa kutorokea. Katikati ya vikao, kila mtu yuko huru: kijana aende kwa rafiki zake, wadogo wachezee barazani. Kijana akijua saa kamili anayotakiwa kurudi, na kwamba hatazuiliwa nje ya saa hizo, hurudi bila kuburutwa.

Nije jikoni, maana hapo ndipo Idi yako inapopotelea.

Biriani yetu ya pwani ina faida kubwa ambayo kina mama wengi hawaitumii: masala hupikwa mbali na wali. Kwa hiyo kazi ya saa sita inaweza kukatwa vipande vitatu, na asubuhi ya Idi ikabaki kazi ya dakika 50 tu. Kwa watu 12, yaani nyinyi, mavyaa, wifi na wageni wachache, weka mchele kilo 2, nyama kilo 2 na nusu, vitunguu kilo 2, nyanya kilo 1, viazi kilo 1, mtindi nusu lita, thomu na tangawizi zilizopondwa vijiko vitatu vya chakula kila kimoja. Mtu mzima hula gramu 130 hadi 150 za mchele mkavu, kwa hiyo kilo 2 zinatosha na kubakisha sinia ya jirani.

Mwezi 26 au 27 Ramadhani, mchana, kaanga vitunguu. Vikate vyembamba vya unene mmoja, uvitie kwenye mafuta kidogo kidogo, na uvitoe vikiwa na rangi ya dhahabu iliyopauka, kwa sababu huendelea kukolea hata baada ya kutoka kwenye mafuta. Ukingoja viwe hudhurungi ndani ya karai, vitatoka vichungu. Vitandaze kwenye karatasi mpaka vipoe kabisa ndipo uvifunike. Vikifunikwa na uvuguvugu, mvuke hugeuka maji na asubuhi unakuta vimelegea. Vikihifadhiwa kwenye chombo kisichopitisha hewa hukaa wiki nzima. Siku hiyohiyo ponda thomu na tangawizi, tia chumvi na mafuta kidogo, weka kwenye friji.

Masala yenyewe yapike jioni ya mwezi 29 baada ya kufuturu, bila kungoja tangazo. Hapa ndipo wengi hukwama: wanasubiri mwezi utangazwe, habari ije saa tatu za usiku, ndipo mji mzima ukimbilie kuku na nyama kwa wakati mmoja. Mwezi ukionekana, masala yako tayari. Usipoonekana, masala hukaa salama kwenye friji mpaka keshokutwa. Sharti ni moja: usiyaache ndani ya sufuria kubwa jikoni usiku kucha. Kwa joto la Mombasa, sufuria nzito hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hiyo ndiyo hali inayochachusha. Yagawe kwenye vyombo vipana, kina kisizidi vidole vitatu, na ndani ya saa mbili yawe kwenye friji. Kama friji yako ni ndogo, omba nafasi kwa jirani mapema. Mtindi upige kwanza mpaka uwe laini, punguza moto kabisa, utie kijiko baada ya kijiko huku unakoroga. Ukiumwaga wote kwenye masala yanayochemka utakatika vipande vyeupe, na hakuna dawa yake.

Asubuhi ya Idi kilichobaki ni kuroweka mchele nusu saa mkiwa kwenye staftahi, kuuchemsha kwenye maji mengi yenye chumvi dakika tano au sita mpaka ubaki na kiini kigumu, kuuchuja, kuutia zafarani na samli, kisha kuupalia makaa juu na chini dakika 20. Masala yachemshwe vizuri upya, vitunguu nusu vitiwe ndani, nusu juu. Makosa ya wali wa Idi karibu yote ni haya mawili: mchele uliochemshwa mpaka ukaiva kabla ya kupaliwa, unaogeuka uji, na mfuniko unaofunuliwa kila dakika kuangalia. Mpe mumeo kazi hiyo ya makaa. Kumwambia mwanamume "nisaidie jikoni" hakuleti kitu, ila ukimpa kazi yenye jina na saa yake, ataifanya. Makaa, kukuna nazi kwenye mbuzi, kuchuja sharubati, na kumshika yule wa miaka 3 kuanzia saa tano mpaka saa saba. Hizo ni zake.

Staftahi usiifanye karamu ya pili. Halua hununuliwa mapema, haiharibiki hata bila friji kwa sababu ya sukari na samli. Tambi za sukari huiva kwa dakika 20. Mahamri na mbaazi agiza kwa mwenzio anayeuza, ulipe kabla ya mwezi 25. Unga wa hamira ulioumuliwa usiku kucha nje ya friji, tena kwa tui la nazi, asubuhi utakuwa umechacha, na mama atakayeamka saa tisa ili aukande upya hatakuwa na macho ya kumkalisha mtu yeyote. Kabla ya kuswali mle tende kwa idadi ya witiri, kama ilivyo sunna. Hiyo ifanyeni nyote sita mmeketi, hata kama ni dakika tano.

Nguo sasa. Watoto watajiona duni wakivaa nguo isiyowakaa, iliyokunjamana au iliyofifia. Pea moja nzuri, iliyopigwa pasi, haimfedheheshi mtoto yeyote Majengo. Lililosuniwa siku ya Idi ni kuoga na kuvaa nguo bora uliyo nayo; upya si sharti. Waeleze hivyo mapema, mwezi wa Shaabani, wakiwa wametulia. Ukiwaambia usiku wa mwezi, wenzao wakiwa wameshika mifuko, watakusikia kama unawanyima.

Kata pea ya pili. Idi pili wavae ileile, au iliyobaki nzima kutoka mwaka jana. Vitambaa vinunue Rajabu au mwanzo wa Shaabani, na vifike kwa fundi kabla ya Ramadhani kuanza. Fundi aliyepokea kazi mwezi 15 Ramadhani huwa na rundo la watu waliokutangulia, na nguo inayotoka saa tano usiku wa mwezi haina nafasi ya kurekebishwa. Kabla ya kushonwa, roweka kitambaa cha pamba usiku mmoja ukianike. Kisipolowekwa kitajikunja baada ya kufuliwa mara ya kwanza na kanzu itapanda juu ya kifundo. Mwambie fundi aache upindo wa sentimita 6 hadi 8. Mtoto wa umri wa miaka 4 mpaka kabla ya kubaleghe hurefuka sentimita 5 au 6 kwa mwaka, kwa hiyo upindo huo unakupa Idi ya pili kwa nguo ileile. Kwa kitambaa cheupe, upindo ukiteremshwa huacha mstari wa zamani. Mwambie fundi apitishe uzi mweupe wa tarizi juu yake na mstari utakuwa pambo.

Huyo wa miaka 13 ni jambo jingine. Mkabidhi fedha zake mkononi, tuseme 2,400, nenda naye mchana siku ya wiki kabla ya kumi la mwisho, achague mwenyewe, na kinachobaki ni chake. Anayechagua kwa fedha zake huacha kutazama viatu vya wenzake kwa jicho lilelile.

Manunuzi yote yasiyooza yafungwe mwezi 20 Ramadhani, kabla ya kuingia usiku wa 21. Baada ya hapo ni nyama, mboga na maziwa tu. Mikesha ya 21, 23, 25, 27 na 29 ndiyo watu hutafuta Laylatul Qadr, na inasikitisha kwamba ndiyo Biashara Street huwa haina pa kukanyaga. Viungo vichukue Marikiti mapema, vitunguu Kongowea kwa uzani mkubwa mkigawana na jirani.

Kitu kimoja sikukiona katika hesabu yako: zakatul fitri. Labda baba yao huitoa kando. Kama haikutoka, basi ndiyo iwe ya kwanza kwenye orodha, mbele ya nguo. Ni pishi moja ya chakula kikuu, yaani vibaba vinne, kwa kila kichwa mnachokilisha, na kwa mizani ya leo hukadiriwa kati ya kilo 2 na nusu na 3. Kwa nyinyi sita, kwa kilo 3, ni kilo 18 za mchele. Inatakiwa ifike kwa mwenyewe kabla ya swala ya Idi, na ikicheleweshwa baada ya swala huhesabiwa sadaka ya kawaida tu. Wapeni watoto kazi ya kupima na kufunga mifuko usiku wa 28, na wale wawili wakubwa waandamane na baba yao kuipeleka. Saa moja ile mnayopima mchele pamoja sakafuni ni kikao, tena kizuri.

Sasa hesabu mpya. Zakatul fitri kilo 18, ukipiga kilo kwa 180, ni 3,240. Nguo za watoto, pea moja moja, nusu ya ulizotumia, 9,600. Leso ya mavyaa 800. Sabuni ya kufulia mapazia na nyuzi 500. Vyakula vilevile, 11,300. Mikono ya Idi 3,000. Matembezi 2,500. Jumla ni 30,940.

Usizitafute fedha hizo kwa mwezi wa mshahara. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi huwahi kwa siku 10 hadi 12 kila mwaka, na anayeweka akiba kwa miezi 12 ya kalenda ya ofisini hukutwa na Idi kabla hajamaliza. Hesabu kwa wiki: kutoka Idi hadi Idi kuna wiki 50 na siku chache. Shilingi 620 kwa wiki, mara 50, ni 31,000. Biashara yako ya viazi karai huingiza kila jioni, kwa hiyo toa kiasi kidogo kila jioni mpaka ifike 620, uweke kwenye kibubu kisichofunguka au kwenye chama cha kina mama ambacho zamu yako ni mwezi wa Shaabani. Na lifanye mwaka huu bila kuahirisha. Idi ya 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Ya 2028 itaangukia mwishoni mwa Februari, na 2030 mwanzoni mwa Februari. Inasogelea karo ya Januari, na nyumba itakayokuwa bado inaishi kwa mkopo wa simu itabanwa pande zote mbili.

Mkopo wenyewe, chukua mfano wa ada ya asilimia 9 kwa siku 30. Kwa 30,000 ni 2,700. Ukishindwa kulipa ukaongezewa siku 30 nyingine kwa ada hiyohiyo, umefika 5,400, zaidi ya zote mlizotumia Makadara na tuktuk. Na hapo sijagusa suala la riba, ambalo wewe na mumeo mketi na shekhe wenu mlizungumze.

Mikono ya Idi ipange kwa noti. Noti 40 za shilingi 50 ni 2,000, zinatosha watoto wa mtaa na wa wageni. 1,000 iliyobaki ni ya wanao na wapwa. Chenji itafute kabla ya mwezi 20, kwa sababu siku mbili za mwisho hakuna duka wala wakala atakayekupa noti ndogo, na hapo ndipo watu hugawa 200 kwa kukosa 50. Noti 40 zikiisha, zimeisha. Anayefuata apewe kaimati na dua.

Kuhusu mavyaa. Usimwambie wewe, na usimwambie siku ya Idi. Mumeo ndiye mtoto wake. Aende na mjukuu mmoja, mwezi wa Rajabu, mavuko ya Likoni si kazi. Aanze kwa kuomba, asianze kwa kujitetea. Aseme maneno kama haya: "Mama, Idi hii tunakutaka uje ulale kwetu kuanzia mwezi 28, uwe nasi mpaka Idi pili. Watoto wanataka uwafundishe vitendawili. Mapazia tutafua tu." Neno la mapazia liwe la mwisho na fupi. Akiuliza kama mna dhiki, mumeo ajibu kweli: kwamba mnalipa madeni na hamtaki kukopa tena. Mama wengi wa makamo yake hawapendi deni kuliko wanavyopenda pazia. Kulala kwenu mapema pia kunamwondolea msongamano wa kivuko siku yenyewe. Na mpe madaraka: tambi za sukari na kahawa ya tangawizi ya staftahi ziwe mkononi mwake, wewe usiingilie hata kama anatia iliki nyingi. Mtu anayehudumia kikao hatazami ukuta. Ile leso mpe asubuhi, mbele ya wajukuu.

Mkikaa mfanye nini? Msikae kutazamana. Staftahi ni ya kuzungumza: kila mtu, kuanzia mdogo, aseme jambo moja alilolipata katika Ramadhani. Ndogo litoshe, hata "nilifunga mpaka adhuhuri". Picha pigeni dakika tano kabla ya kwenda kuswali, kisha simu zote, za wazazi zikiwa za kwanza, ziingie kwenye kikapu mpaka saa nne na nusu. Kijana hatakubali kuweka yake kama ya baba iko mfukoni.

Baada ya mchana msipange lolote. Laleni. Usiku baada ya isha ndio wa michezo. Vitendawili havigharimu kitu: bibi anatega, watoto wanajibu, wakishindwa wanampa mji, na yeye anatembea mji wake kwa maneno mpaka wacheke. Kama kuna bao nyumbani au kwa jirani, litoeni. Lina mashimo 32 na kete 64, watu wawili hucheza na wengine husimamia, kwa hiyo mpange baba na kijana dhidi ya bibi na wa miaka 10. Wa miaka 7 ahesabu kete, maana kazi hiyo anaiweza na itamfanya asilale. Mdogo atalala, mwacheni.

Makadara peleka Idi pili badala ya Idi mosi, tena saa nne asubuhi, bembea zikiwa hazina foleni. Kabla ya kutoka, kila mtoto ajue idadi: bembea mbili na kitu kimoja cha kula. Jioni nendeni Mama Ngina na mkeka wenu, mihogo ya kukaanga na pilipili, madafu, mketi mtazame meli zikiingia Kilindini.

Kuna watakaokwambia mwende ufuoni, Nyali au Pirates. Nasema hili kwa mkazo. Idi ya Mfungo Mosi huja wakati wa mwezi mwandamo, na huo ndio wakati wa bamvua. Kwetu Mombasa, maji ya bamvua hutoka sana saa nne au tano asubuhi, na hujaa sana kuanzia saa kumi jioni, wakati ule hasa ambapo jamaa zimeshafika na watoto. Tofauti ya kina inaweza kukaribia mita 4. Mchanga mliotandika mkeka saa nane utakuwa chini ya maji saa kumi na moja, na mtoto aliyekuwa anasimama kwa miguu atakuwa hagusi chini. Bandari ya Mombasa hutoa jedwali la maji kila mwaka, liangalieni. Mkienda, fikeni saa tatu, ondokeni saa saba, na mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuhesabu vichwa vya watoto.

Wageni wa Idi mosi waambie mapema kwamba nyumba iko wazi kuanzia saa tano. Hakuna atakayeudhika, maana naye ana nyumba. Na nyinyi mkienda kuzuru, chagueni nyumba mbili za wazee walio karibu mnaweza kwenda kwa miguu. Saba kwa siku moja ni kupanda na kushuka tuktuk kwa bei ya Idi, dakika kumi kila mahali, watoto wanaulizana tunaondoka lini.

Idi tatu, mkiwa bado mnakumbuka, kaeni wewe na mumeo na karatasi. Andikeni wali uliobaki, kilo ngapi za nyama zilitosha, kipimo cha kanzu za watoto, na mikono ya Idi ilikwisha saa ngapi. Wiki hiyohiyo 620 ya kwanza iingie kibubuni. Na msiiguse kwa ajili ya Idi ya Kuchinja, inayofuata baada ya siku 67 hadi 69. Hiyo iwekeeni fungu lake, na kama mbuzi mzima hawezekani mwaka huu, msikope ili achinjwe.

Wassalaam